Grupu Ikizimika Saa ya Joto, Tusiizibe Kinywa



Mwezi wa tisa na mwezi wa kumi ndiyo miezi ya malalamiko. Mvua haijashika bado, vumbi jekundu limeingia kila mahali, na jua la Kolwezi linapasha mabati tangu saa nne ya asubuhi. Ndipo kutoka kambi za porini, kule wenzetu wanakolala katika rulote wakitafuta madini, inafika habari ile ile ya kila mwaka: grupu inazimika. Asubuhi inatumika vizuri, usiku inatumika vizuri, lakini saa saba au saa nane ya mchana inakufa, wakati ule ule klimatizere inapotakiwa zaidi. Unangoja nusu saa, inawaka. Inakwenda robo saa, inakufa tena.

Mimi nasema kwamba mara nyingi grupu ya namna hiyo haina ugonjwa. Ni mtumikaji anayekataa kuuawa. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachosikia joto la motere, na kingine kinachochunga mafuta ya motere. Hapa nitaviita walinzi. Joto likipita mpaka, au mafuta yakipungua, mlinzi anakata na motere inasimama kabla haijaungua. Tena nasema kwamba tabia iliyoingia kati yetu, ya kumsifu fundi anayezikata nyuzi za mlinzi huyo, ni ya hatari kuliko joto lenyewe.

Mnajua inavyokwenda. Kapita anataka taa, wakubwa wanataka baridi, mpishi anataka firigo. Anakuja fundi wa kwanza, anatafuta uzi wa mlinzi, anaukata au anaufunga na mwingine, na grupu haizimiki tena. Watu wanapiga makofi, wanamnunulia bia. Anakuja fundi wa pili, anazunguka rulote mara mbili, anasema: isogezeni, oshani motere, zimeni kitu kimoja. Huyo anaitwa mvivu. Lakini ni yupi aliyetengeneza? Wa kwanza hakuondoa joto hata kidogo. Alimnyamazisha aliyekuwa akitupasha habari ya joto. Mwisho wake ni mafuta kuwa mepesi kama maji, pistoni kushikana na silinda, au, vibaya zaidi, tiyo ya esanse kuyeyuka chini ya kitanda cha mtu aliyelala.

Tufanye hesabu ya joto, maana bila hesabu tutapigana maneno tu. Motere ndogo ya esanse inageuza robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, na mara nyingi hata chini ya robo. Iliyobaki yote inatoka kama joto. Basi ukiiomba wati 2500 za umeme, inatupa nje wati 7500 za joto au kupita. Sehemu moja inakimbia na moshi. Iliyobaki sharti ichukuliwe na hewa inayopita juu ya chuma. Fikiri sasa sanduku lenyewe: limefungwa chini au ubavuni mwa rulote, ni dogo kuliko kabati la nguo, na lina mlango mmoja wa kuvutia hewa na mwingine wa kuitoa. Hewa ikikosa njia, hakuna fundi duniani atakayefanya motere hiyo iende mchana kutwa.

Tena sisi hatukai pwani. Lubumbashi iko metre 1200 hivi juu ya bahari, Kolwezi metre 1400 na zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu 1 kwa 100 ya nguvu zake kwa kila metre 100 za kupanda. Joto nalo linaongeza hasara yake, karibu sehemu 1 kwa kila digrii 5 au 6 kupita kipimo cha kiwandani. Basi grupu iliyoandikwa wati 3000, ukiileta Kolwezi saa nane ya mwezi wa kumi, unabaki na 2500 hivi mkononi. Sasa hesabu vyombo: klimatizere 1500, firigo 200, sahani ya kupikia 1000. Jumla 2700. Tena klimatizere yenyewe inakula zaidi kwa kadiri hewa ya nje inavyokuwa na moto, na kila inapoanza kuzunguka inavuta kwa ghafula mara kadhaa ya kipimo chake. Usiku hesabu inatosha kwa sababu mpishi amelala. Mchana haitoshi. Halafu tunasema marki hii ni mbaya, tulete nyingine!

(Wengine wananiuliza mbona tusilete umeme wa kweli. Uzi mkubwa wa Inga ulifika Kolwezi mwaka 1982, baada ya safari ya kilometre 1700 hivi, na hata leo hauingii katika rulote ya mtu anayetoboa mawe porini. Tena mjini kwenyewe umeme ukikatika tunarudi kwa grupu. Tutaishi nazo.)

Kabla ya kufungua hata buloni moja, ulizeni: ilikufa namna gani? Aliyekuwapo ndiye shahidi, na ushahidi wake una thamani kuliko sanduku zima la funguo.

Kama motere inaendelea kulia lakini taa zimekufa, motere haina kosa. Ni dijontere, kile kifaa kinachokata umeme ukizidi. Nyingi zinafanya kazi kwa kipande cha chuma kinachopinda kwa joto. Zikifungwa ndani ya sanduku lenye moto, zinakata mapema hata kama umeme haujazidi sana. Punguza vyombo, ipe hewa, na kaza vichwa vya nyuzi, kwa kuwa uzi uliolegea unaongeza joto lake mwenyewe. Usiweke dijontere kubwa zaidi ili isikate. Hilo ni kosa lile lile la kukata uzi wa mlinzi, ila limevaa kanzu nyingine.

Kama ilikohoa kwanza, ikapanda na kushuka kama mtu anayekosa pumzi, halafu ikafa, tafuta njia ya mafuta. Esanse ni kitu kinachochemka mapema: sehemu zake nyepesi zinaanza kugeuka mvuke katika digrii 40 hivi, na juu ya mlima zinafanya hivyo upesi zaidi. Tiyo ikipita karibu na bomba la moshi, mvuke unajaa ndani na pampu inasukuma hewa tupu. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa esanse, na motere inawaka kana kwamba haikutokea kitu. Sogeza tiyo, ikinge na joto, na usiache tangi kubaki robo tu juani. Lakini kwanza jaribu jambo la bure: fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti, halafu motere ikaenda vizuri, basi tundu dogo la kifuniko lilizibwa na vumbi, na joto halikuhusika. Nimeona watu wakibadilisha karburatere nzima kwa sababu ya tundu lililotaka sindano tu.

Kama ilikatika ghafula, kama mtu aliyezungusha ufunguo, hapo mlinzi amesema. Angalia mafuta ya motere kwanza, rulote ikiwa imesimama sawa. Nasema imesimama sawa kwa kuwa wengi wanaiegesha juu ya mteremko. Mafuta yanakimbilia upande mmoja na mlinzi anaona ukavu hata kama kipimo kinatosha. Tena tazama unene wa mafuta: mafuta ya msimu wa baridi katika mwezi wa kumi yanakuwa maji, na mgandamizo wake unashuka. Weka yale yaliyoandikwa katika kitabu cha kiwanda kwa hewa ya joto. Kama mafuta ni mazuri, sasa ni hewa. Motere nyingi ndogo zinapoozwa kwa mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda. Vumbi letu jekundu likikutana na mafuta kidogo yanayovuja, linafanya udongo wa tofali kati ya mapezi hayo, na tofali halipoozi kitu. Uondoe kwa brashi, motere ikiwa baridi kabisa. Asimwage mtu maji juu ya silinda yenye moto, chuma kinapasuka.

Na jaribio moja nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji ufundi. Chukua kipima-joto. Pima hewa ya kivulini, mbali na rulote. Kisha pima hewa pale pale inapoingia katika sanduku, grupu ikiwa imetumika nusu saa. Kivulini ukikuta 33 na mlangoni 48, grupu inavuta hewa yake yenyewe, ile iliyokwisha kuitoa. Nyingi zimepimwa kwa hewa isiyopita digrii 40. Sababu utaiona kwa macho: bashi imeshushwa mpaka chini ili kufanya baraza, rulote imeegeshwa karibu na ukuta, au majani makavu yamefika mlangoni. Hayo majani yaondolewe kwa sababu nyingine pia, maana tiyo ya moshi iko hapo karibu na moto wa porini hauombi ruhusa. Wengine wanadhani dawa ni kuacha mlango wa sanduku wazi. Katika grupu nyingi za rulote ni kinyume: mlango ukiwa wazi hewa inakwepa njia iliyotengenezewa, na mapezi yanabaki na kiu. Someni kitabu chake kwanza.

Kwa grupu za mazutu zenye radiatere, nina neno moja tu, lakini ni neno la ngozi ya mtu. Huku kwetu maji yaliyo wazi yanachemka katika digrii 95 hivi, si 100. Kifuniko cha radiatere ndicho kinachoyazuia yasichemke, kwa kuyakandamiza. Kifuniko kikilegea, grupu itachemka saa nane kila siku na hutajua kwa nini. Na ukikifungua kungali moto, maji yale yanaruka yote usoni pako. Mngoje apoe, hata kama mkubwa anapiga kelele.

Sasa nafika mahali ninapogombana kweli na baadhi ya wenzangu. Wako wanaosema: kama jua ndilo linaisumbua, tuiingize kivulini, tuiweke barazani, nyuma ya pazia, ndani ya kibanda cha mabati, chini ya sakafu ya rulote pamoja na ile ya jirani. Hapana. Kivuli ni kizuri, lakini kivuli chenye kuta ni kaburi.

Moshi wa motere una hewa mbaya inayoitwa oksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inaingia katika damu na kuchukua mahali pa oksijeni. Tena kumbukeni habari ya mlima: motere iliyopangwa kwa pwani, ikiletwa Kolwezi bila kubadilishiwa tundu la karburatere, inakula esanse nyingi kwa hewa kidogo, inatoa moshi mweusi, na hewa hiyo ya sumu inazidi. Bomba lililotoboka chini ya sakafu linatosha. Mtu amefunga madirisha kwa ajili ya klimatizere, anafurahia baridi, na sumu inapanda kupitia tundu la nyaya.

Jambo linaloniogopesha katika inchi yetu ni hili: dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, viungo kulegea. Sisi sote tuna jina tayari kwa dalili hizo. Tunasema malaria, tunameza vidonge, na tunarudi kulala mahali pale pale penye sumu. Munganga naye akiletewa mgonjwa bila kuambiwa habari ya grupu, anaweza kupotea. Basi mshike tofauti. Wakiamka watu watatu wa rulote moja wote na kichwa siku moja, na kichwa kikapungua walipokaa nje saa moja au mbili, tena hawana homa ya mwili, hiyo si kazi ya mbu. Watoeni nje, zimeni grupu, wapelekeni hospitali, na mwambieni munganga waziwazi: walilala karibu na motere. Yule aliyezimia asiendewe na mtu mmoja peke yake bila kufungua milango kwanza. Ndivyo wanavyokufa wawili.

Grupu ya kubebeka sharti ikae nje, metre 6 au zaidi kutoka mahali watu wanapolala, na moshi wake uelekee upepo unakokwenda. Kama unataka kuipa kivuli, weka bati juu ya miti minne, pande zote wazi, juu ya kichwa cha mtu mrefu. Ile iliyofungwa ndani ya rulote, bomba lake likaguliwe kila linapofika porini baada ya kurukaruka kwa barabara zetu, na ndani kuwe na kile kifaa kinacholia sumu ikiingia. Kinanunuliwa, si cha ajabu, na bei yake haifiki bei ya klimatizere.

Najua jibu litakalokuja: porini hakuna duka, na mlinzi mwenyewe anaweza kuharibika. Ni kweli. Mlinzi aliyeharibika anajulikana: anaizima motere hata asubuhi na baridi, dakika moja tu baada ya kuwaka, mafuta yakiwa kamili na chuma hakijapata moto. Huyo abadilishwe. Ni kifaa kidogo, kinaingia mfukoni, na naomba wakubwa wa magazeni watie viwili katika kila kisanduku cha akiba kinachopelekwa kambini pamoja na filtiri na buji. Mtu asipokipata mkononi, ndipo anapoanza kutazama mkasi. Kosa hilo si la fundi peke yake.

Na wakati wa kungoja, zimeni kwa zamu. Mpishi apike kwa makaa saa sita mpaka saa tisa, nje, au klimatizere isimame anapotumia sahani. Kabla ya kuizima grupu, iacheni iende dakika 5 bila mzigo ili hewa iondoe moto uliobaki. Esanse isimiminwe motere ikiwa na moto; mvuke wake unatafuta bomba la moshi. Fundi naye asitumwe kuingiza kichwa sandukuni saa nane ya mchana kwa sababu mkubwa anatoka jasho. Aanze saa kumi na mbili ya asubuhi, chuma kikiwa baridi na yeye akiwa amekunywa maji.

Neno langu la mwisho ni kwa kampani na kwa makapita. Katika kila rulote liwekwe daftari, na uzi wa mlinzi usikatwe bila jina la aliyekata kuandikwa humo pamoja na jina la aliyemwamuru. Grupu iliyokatwa uzi ifungwe kitambaa chekundu na isitumike tena mahali watu wanapolala mpaka itengenezwe. Nasikia tayari wengine wakisema kwamba daftari ni kazi ya ofisi. Lina mistari mitano tu kwa siku: saa iliyozimika, joto la kivulini, joto la mlango wa hewa, vyombo vilivyokuwa vikitumika, na namna ilivyokufa. Wasomewe kwa radio wale wa garaji, na fundi atakayetoka Likasi alfajiri atajua, kabla ya kupanda gari, kama achukue tiyo ya esanse, au mlinzi mpya, au panga tu la kufyekea majani mbele ya mlango wa hewa.